Raglani au mkono wa bega: ushone lipi kwanza?

Juni ikiingia hapa Mbeya, watu wawili hukumbukwa haraka: muuza mkaa na fundi wa masweta. Mimi si fundi wa dukani. Nashonea nyumbani, kwenye meza ya chakula, jioni watoto wakishalala. Lakini kila mwaka baridi ikishika, majirani na ndugu wenye cherehani huniuliza swali lile lile: nataka kujishonea sweta, nianzie wapi?

Sweta linaloulizwa ni lile la kitambaa, la kuvaa kwa kuingiza kichwa, shingo ya mviringo, na ribu, ule ukanda wa mifereji unaovutika, shingoni, mikononi na kiunoni. Halina uhusiano na la sufu linalofumwa kwa sindano mbili. Kitambaa chake kimeshafumwa kiwandani, wewe unakikata na kukishona kama fulana nzito. Wengi huanzia kwenye cherehani: je, lazima niwe na ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo? Tutafika huko. Mimi naanzia kwenye mkono, kwa sababu aina ya mkono ndiyo itakayoamua kitambaa ununue kiasi gani, ugumu uupate wapi, na sweta likikataa kukaa mwilini utalirekebishaje.

Mikono ni ya aina mbili. Mkono wa bega ni kama wa shati la shule: mbele na nyuma vinaunganishwa begani, halafu mkono unashonewa kuzunguka tundu pale bega linapoishia. Raglani haina bega. Mkono wenyewe unapanda mpaka shingoni, na mshono wake unakwenda mshazari kutoka kwapani hadi kwenye ribu ya shingo. Jina limetokana na Lord Raglan, jenerali wa Uingereza aliyepoteza mkono wa kulia katika vita vya Waterloo mwaka 1815, na koti la mkono wa namna hiyo likabaki na jina lake. Ukiwahi kuona jezi ya mazoezi yenye mwili mweupe na mikono ya rangi nyingine mpaka shingoni, umeiona raglani.

Nikilazimishwa kujibu bila kujua lolote juu yako, nitasema anza na raglani. Ila ukinieleza kidogo tu kuhusu mwili wako, kitambaa chako na cherehani yako, huenda nikageuza jibu.

Mezani: sita kwa sita

Watu husema raglani ina mishono michache. Hesabu vizuri. Raglani ina minne ya mshazari na miwili ya ubavuni inayopitiliza mpaka chini ya mkono. Mkono wa bega una miwili ya mabega, miwili ya kuzungushia mikono, na miwili ya ubavuni. Sita kwa sita. Tofauti ni umbo la mishono hiyo. Minne ya raglani ni mistari iliyonyooka, au iliyopinda kidogo tu. Unalaza kipande juu ya kipande, unabana pini tatu au nne, unashona. Kwenye mkono wa bega unaunganisha kilima cha mkono, yaani ule upinde wa juu ya mkono, na shimo la mwili, kingo mbili zilizopinda kinyume, na hapo ndipo anayejifunza hukunja kitambaa bila kujua.

Hata hivyo ugumu huo mara nyingi tunajiletea wenyewe, kwa kuchukua patani, yaani karatasi ya kukatia, ya shati la kitambaa kisichovutika na kuitumia kwa sweta. Kilima cha mkono wa shati kinakatwa kirefu kuliko tundu lake kwa sentimita mbili au tatu, ili bega lipate umbo. Kwenye kitambaa kinachovutika ziada hiyo haina kazi. Inakuwa puto juu ya bega. Pima mzingo wa tundu, pima mzingo wa kilima, na tofauti isizidi sentimita moja. Kisha shona mkono kabla hujafunga ubavu, mwili ukiwa umelala wazi mezani. Ukifunga ubavu kwanza utazungusha mkono ndani ya shimo dogo, na utaichukia kazi bila sababu.

Raglani ina mtego wake mmoja, na mimi niliuingia. Mshono wa mbele na wa nyuma haulingani, kwa sababu shingo ya mbele iko chini zaidi. Kwa hiyo mkono una upande wa mbele na upande wa nyuma, na vipande viwili vilivyolala mezani vinafanana kama mapacha. Nilimshonea mdogo wangu sweta, nikabadilisha kulia na kushoto, likashonwa likaisha, ribu na kila kitu. Alipolivaa lilimkaba koo huku nyuma limejaa kama begi. Tangu siku hiyo nakata kijikato kimoja pembeni mwa kitambaa kwa upande wa mbele na viwili kwa upande wa nyuma, kwenye mkono na kwenye mwili. Kimoja kikutane na kimoja, viwili na viwili. Mafundi wanafanya hivyo miaka yote. Mimi nililipia somo kwa kitambaa.

Likiingia mwilini

Kabla ya kupima chochote mwilini, chukua sweta la zamani unalolipenda, lilaze chini, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Linganisha na mzingo wa kifua chako. Kwa sweta la kawaida utakuta limezidi kifua kwa sentimita 10 hadi 15, kwa lile la kupwaya 20 na zaidi. Huo ndio ulegevu unaoupenda, na namba yako itakufaa kuliko ya mtu mwingine. Mwenye kifua cha 92 anayependa wastani atakata sweta la 104 mpaka 106. Kitambaa kikiwa kinene, chenye manyoya ndani, ongeza mbili, kwa maana unene wenyewe unakula nafasi.

Sasa mabega. Mkono wa bega unadai upime upana wa bega na usikosee. Mshono ukishuka nje ya bega kwa sentimita mbili unaonekana umeazima nguo ya kaka. Ukiingia ndani, unabana kila unapofikia kitu. Raglani haina mshono pale, basi haina cha kukuumbua. Ndiyo maana naipenda kwa watoto: bega la mtoto linakua, sweta linabaki linakaa, urefu wa mikono ndio utakaokwisha kwanza. Naipenda pia kwa yeyote anayebeba begi mgongoni au ndoo begani, kwa sababu hakuna mshono chini ya mkanda.

Lakini mwenye mabega yaliyolala, yale yanayoteremka kutoka shingoni, raglani itamsumbua. Kitambaa kinachozidi juu ya bega kinakosa pa kwenda, kinaporomoka na kujikunja mbele karibu na kwapa, mkunjo wa mshazari ambao hata pasi haiuondoi. Kwenye mkono wa bega ungerekebisha kwa dakika kumi: fumua mabega, punguza sentimita moja upande wa mkono, usiguse upande wa shingo, shona tena. Raglani unatakiwa uweke dati, yaani mkunjo wenye ncha unaoshonewa juu ya mkono kutoka shingoni kuelekea mwisho wa bega. Inafanyika, na patani nyingine zinakuja nayo, ila kwa sweta la kwanza ni kazi ya ziada.

Mwenye kifua kikubwa naye nampeleka kwenye mkono wa bega. Akichagua saizi ya raglani kwa kufuata kifua, shingo inakuja na saizi hiyo hiyo kubwa, na sweta linamteleza. Kwenye mkono wa bega akate mabega na shingo kwa saizi ya sehemu ya juu ya mwili wake, halafu mbele aongeze urefu wa sentimita mbili ubavuni chini ya kwapa. Wakati wa kushona ubavu, ile ziada inasambazwa kidogo kidogo kwenye eneo la kifua. Kitambaa kinachovutika kinaimeza, na pindo la mbele haliruki juu.

Raglani ikiwa pana, hupunguzwa kwa kubana mishono ya mshazari. Unavaa kwa nje-ndani, mtu anakubania pini, unashona upya. Rahisi mno, na ndipo hatari ilipo. Ukisogeza mshono nusu sentimita kwa kila kipande, unakuwa umekula sentimita moja kwa kila mshono, na mishono ni minne, na yote inaishia shingoni. Shingo iliyokuwa na mzingo wa 52 sasa ni 48. Kichwa cha mtu mzima ni kama 57. Kwa hiyo raglani ijaribiwe kabla ya ribu ya shingo kuwekwa, na ukibana, anza kubana katikati kushuka kwapani, shingoni uache kama palivyo.

Kuna kosa moja nitalisema kwa urefu kwa sababu linapatikana kwenye mikono yote miwili, na karibu kila mtu hulitibu kinyume. Unavaa sweta, unainua mikono kuanika nguo kwenye kamba, sweta zima linapanda na tumbo linapigwa na upepo. Unasema kwapa linabana. Unalichonga lishuke. Linazidi kupanda. Angalia mwili wako kwenye kioo: mkono unapoinuka, njia kutoka kiunoni kupitia kwapani mpaka kiwiko inarefuka. Kwapa la nguo likiwa limeshuka chini, njia hiyo kwenye kitambaa ni fupi kuliko ya mwili, kwa hiyo kitambaa kinachota urefu kutoka kiunoni. Dawa ni kupandisha kwapa juu, karibu na kwapa lako la kweli, na kuupa mkono upana zaidi. Kilima cha mkono kiwe kifupi, sentimita 12 au pungufu badala ya 15 za shati la ofisini. Mkono ukining'inia utaona mikunjo kidogo chini ya kwapa. Ivumilie, hiyo ndiyo nafasi ya kuinulia. Raglani kwa asili yake iko karibu zaidi na hali hii, ndiyo maana wanamichezo waliipenda, ila ukiichora na kwapa la chini itapanda vilevile.

Kitambaa, na habari ya mtumba

Cha kuanzia nunua chenye vitanzi vidogo kwa ndani, kama taulo jembamba. Chenye manyoya ndani kina joto zaidi, lakini kinatoa vumbi la pamba linaloziba cherehani na kinateleza chini ya mguu wake, ule unaokandamiza kitambaa. Acha hicho kwa sweta la pili.

Pamba inarudi ikifuliwa, na kitambaa cha kufumwa hurudi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Kata mraba wa sentimita 50 kwa 50, ufue kama utakavyolifua sweta, uanike, upime. Ukibaki 47 kwa urefu, ujue sweta la sentimita 65 litakuwa 61 baada ya kufua. Nafuu zaidi ni kufua kitambaa chote kabla ya kukata.

Kwa mtu mzima wa wastani, kitambaa cha upana wa mita moja na nusu kinatosha kwa mita moja na nusu. Duka likikuuzia kwa kilo, fanya hesabu: kitambaa cha gramu 300 kwa mita ya mraba, mita 1.5 kwa 1.5, ni gramu 675. Mkono wa bega unaweza kukutosha kwa pungufu kidogo. Raglani inadai urefu zaidi kwa sababu mkono unabeba na bega: mkono wenye sentimita 60 kutoka bega unakuwa na zaidi ya 70 mpaka shingoni. Kama una vipande viwili vya rangi tofauti, kimoja cha mwili na kingine cha mikono, raglani inakuwa pambo lenyewe. Kitambaa cha mistari ni kinyume chake. Mistari ikikutana kwenye mshazari bila kulingana inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Halafu kuna njia ambayo wengi wetu huanza nayo: kununua sweta kubwa la mtumba pale sokoni Mwanjelwa, la saizi ya mtu mnene sana, na kulikata upya. Ni njia nzuri, kitambaa kimeshafuliwa mara nyingi na hakirudi tena. Hapa raglani inakwama. Mkono wa sweta la mtumba likiwa la mkono wa bega umekatwa kuishia begani, na hakuna namna ya kuurefusha ufike shingoni. Utakata mkono wa bega kwenye mkono wa bega, mdogo ndani ya mkubwa, na ukiwa mwerevu utaibakiza ribu ya mkono palepale ilipo, usiiguse kabisa. Nimeshamshonea mwanangu masweta mawili kwa namna hiyo na sikushona ribu hata moja isipokuwa ya shingo.

Ribu ya shingo

Mikono yote miwili hukutana hapa. Pima mzingo wa shingo kwenye mstari wa kushonea, zidisha kwa 0.8 au 0.85. Shingo ya 52 inataka ribu ya 43, ongeza mbili za mshono. Ribu hiyo lazima ivutike ifike 58 ili kichwa kipite, kwa hiyo dukani shika sentimita 10 uzivute: zikifika 14 bila kulalamika na kurudi zilipokuwa, nunua. Zikirudi 11, weka chini, shingo italegea kabla ya baridi kuisha. Kitambaa chenyewe cha sweta hakifai kuwa ribu hata kama rangi inafanana. Gawa ribu robo nne, gawa shingo robo nne, bana pini robo kwa robo, uvute ribu tu wakati wa kushona, mwili ulale.

Robo za raglani zinachanganya kidogo. Mishono yake minne si robo, maana kipande cha mkono shingoni ni kifupi kuliko mbele. Kunja shingo utafute robo mwenyewe, usiiamini mishono. Na kwa mkono wa bega, kabla hujafika shingoni, hakikisha mabega yana utepe ndani ya mshono: ukanda mwembamba wa kitambaa kisichovutika, hata cha kanga chakavu kilichokatwa kwa urefu. Uzito wote wa sweta unaning'inia pale. Bila utepe, bega linarefuka kila ukianika. Raglani haina bega la kuwekea utepe, inaning'inia shingoni, kwa hiyo utepe wake uushonee ndani ya shingo upande wa nyuma.

Sasa cherehani

Siyo kila mshono wa sweta unavutika. Bega halitakiwi kuvutika kabisa. Ubavu unavutika kidogo. Shingo, mikono na kiuno ndiko kwenye mvutano, na kwapani.

Cherehani yenye zigizaga, mshono wa kwenda upande huu na ule, inatosha kwa sweta zima, la aina yoyote. Upana wa zigizaga 1, urefu 2.5 kwa mishono ya mwili, upana 2 kwenye ribu. Sindano ya vitambaa vinavyovutika, yenye ncha ya mviringo, namba 90. Ukiona mishono inaruka, badilisha sindano kabla hujaanza kuilaumu cherehani. Uzi wa poliesta, maana wa pamba unakatika. Mshono ukitoka na mawimbi, na kwenye mshazari wa raglani utatoka tu, punguza mkandamizo wa mguu kama cherehani yako inaruhusu, au weka ukanda wa karatasi laini chini ya kitambaa uushonee pamoja, kisha uichane karatasi. Pasi ya mvuke juu ya kitambaa kibichi itamaliza kilichobaki.

Ovaloki ya nyuzi nne ni raha, haina ubishi. Inashona, inakata na kufunika ukingo kwa mkupuo mmoja, na ile yenye kirekebishi cha meno yanayosukuma kitambaa inazuia mawimbi kabisa ukiiweka kwenye 1.3 au 1.5. Ila kwa mtu anayeshona masweta matatu kwa mwaka, sioni sababu ya kuinunua. Fedha hiyo iende kwenye ribu nzuri.

Mwenye cherehani ya miguu inayoshona mshono ulionyooka pekee ndiye ninayembadilishia jibu. Achague mkono wa bega. Mabega atashona mwenyewe bila shida, mshono wa milimita 2. Mishono ya raglani iko kwenye mshazari unaovutika, na kila akinyoosha mkono kwa nguvu, uzi utalia kwapani mpaka siku utakapokatika. Mikono ya sweta aishikize kwa sindano ya mkono kwa mishono mirefu, halafu apeleke pamoja na ribu kwa fundi mwenye ovaloki. Kila mtaa wa mafundi hauwezi kumkosa mmoja ambaye wenzake wote hupeleka kwake nguo kumalizia kingo.

Ukienda kwake, peleka kwa mpangilio: mabega yameshashonwa na mikono imeshikizwa, ubavu bado wazi, ili apige mikono ikiwa imelala, ndipo afunge ubavu na kumalizia na ribu. Na kumbuka ovaloki ina kisu. Ukikata nafasi ya mshono sentimita moja, naye akizoea kula nusu tu, sweta linaongezeka sentimita moja kwa kila mshono. Akila moja na nusu, linapungua hivyo hivyo, na ulegevu uliouhesabu unabaki sakafuni kwake. Mchoree mstari wa chaki pale sindano ipite, na umwambie kabla hajakanyaga.